MAISHA YA TED SHAWN
Mwalimu Aliyewafundisha Wanamichezo Kucheza Dansi

Kila jioni kengele ya michezo ipigwapo, wanafunzi hushuka uwanjani. Wengine hukimbilia mpira wa kikapu, wengine mpira wa miguu, na wengine hufunga wavu. Ni wachache katika sisi wajuao ya kuwa mpira wa kikapu ulizaliwa mwezi wa Desemba 1891 katika chuo kimoja cha mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwalimu James Naismith alipotafuta mchezo wa kuwashughulisha vijana wake ndani ya nyumba wakati wa baridi. Na ni wachache zaidi wajuao ya kuwa katika chuo hicho hicho, mwaka 1933, aliingia mwalimu mwingine, ambaye somo lake halikuwa mpira wala mbio, bali dansi. Naye aliwafundisha wanaume watupu, wacheza mieleka na waogeleaji na wakimbiaji.

Siku hizi katika Marekani ziko shule za sekondari za binafsi, hasa shule za bweni, ambazo humruhusu mwanafunzi kuchukua baleti au dansi ya namna nyingine mahali pa mpira. Jasho lake katika chumba cha dansi huhesabiwa sawa na jasho la mwenzake uwanjani, wala hakuna amwulizaye kwa nini hakuvaa viatu vya mpira. Jambo hili halikuja kwa siku moja, wala halikuletwa na mtu mmoja. Kwa wasichana njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa mapema: katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Bibi Margaret H'Doubler alifundisha dansi pamoja na mazoezi ya viungo ya wanawake, na tangu 1926 mwanafunzi aliweza kupata shahada kwa masomo hayo. Lakini kwa wavulana mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli hilo lilikuwa kicheko cha watu. Mtu aliyelivunja kuliko wengine wote ni huyu ambaye twataka kuwasimulia habari zake.

KUZALIWA NA KUUGUA

Jina lake kamili lilikuwa Edwin Myers Shawn, lakini watu walimwita Ted. Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1891 katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Basi yeye na mpira wa kikapu ni wa mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mwandishi wa magazeti. Kijana alipokua aliingia Chuo Kikuu cha Denver, chuo kilichoanzishwa na Wamethodisti, naye nia yake ilikuwa kuwa mchungaji. Alikuwa mrefu, mwenye maungo makubwa na sauti ya kusikika mbali, na waliomjua waliona ya kuwa mimbari itamfaa sana.

Mwaka 1910, akiwa na umri wa miaka 19, alishikwa na dondakoo. Maradhi hayo yalikuwa yakiua watu wengi siku zile. Alipewa dawa, akapona. Lakini alipotaka kuondoka kitandani aliona miguu yake haimtii. Alikuwa amepooza tangu kiunoni hata chini. Hali hiyo haikudumu, walakini ilimpasa ajifunze tena kusimama na kutembea, kama mtoto mdogo.

Ili miguu ipate nguvu, alianza kuchukua mafunzo ya dansi kwa mwalimu mmoja mjini Denver, Bibi Hazel Wallack, aliyekuwa zamani mchezaji wa baleti katika jumba la Metropolitan Opera la New York. Hapo ndipo Shawn alipoonja baleti kwa mara ya kwanza, na yafaa tueleze kidogo mafunzo hayo ni ya namna gani, maana wengi hudhani baleti ni kurukaruka kwa vidole na kuvaa nguo nyepesi tu.

Baleti ilianza katika nyumba za wafalme wa Italia na Ufaransa, na majina ya hatua zake mpaka leo ni ya Kifaransa. Mwanafunzi huanza kwa kushika mti mlalo uliofungwa ukutani, akakunja magoti polepole na kuyanyosha, mara nyingi, kila siku. Kisha huinua mguu mmoja mbele, kando na nyuma, mgongo ukiwa umenyoka wala bega halipandi. Jambo hilo latazamwa kuwa jepesi, lakini alijaribuye kwa dakika 10 hutetemeka mapaja. Sababu ya kukunja goti kwanza ni hii, ya kuwa asiyejua kukunja goti hawezi kuruka juu, wala hawezi kutua chini bila kujiumiza. Na ukumbuke ya kuwa mwanamume katika baleti humwinua mwenzake juu ya kichwa, kisha humshusha taratibu kana kwamba hana uzito. Kazi hiyo si ya mtu dhaifu.

Kwa mafunzo hayo Shawn akapata miguu yake. Lakini pamoja na miguu akapata na jambo jingine asilolitafuta: akaona ya kuwa hii ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya.

KICHEKO CHA KWANZA

Katika chuo chake dansi haikupendwa hata kidogo. Tena ilikuwa dansi ya jukwaani, mbele ya macho ya watu! Shawn mwenyewe alieleza baadaye jinsi kijana mwenziwe wa chuoni alivyomshangaa, akamwambia ya kuwa wanaume hawachezi dansi. Shawn akamjibu kwa kumtajia wanaume wa Urusi wachezao baleti, na mataifa mengi ya dunia ambayo wanaume wao hucheza. Mwenziwe akasema hayo yawafaa Warusi na watu washenzi, hayamfai mwanamume wa Kimarekani.

Sisi wasomaji wa huku twaweza kutabasamu tusikiapo maneno hayo. Kwetu mwanamume kucheza ngoma si ajabu, na wazee wetu hawakuulizana kama mpiga ngoma au mchezaji ni mwanamume kamili. Lakini tusimcheke sana kijana yule. Kila watu wana jambo lao waliloliita aibu bila kulipima. Shawn alilishika neno lile moyoni, nalo likamsumbua miaka 20 na zaidi.

Akaacha njia ya uchungaji. Mwaka 1912 alikwenda Los Angeles, akafanya kazi ya ofisini mchana na kucheza dansi usiku, pamoja na Bibi Norma Gould. Mwaka 1913 walionekana katika sinema fupi juu ya dansi za zama mbalimbali, na mwaka 1914 akafika New York. Huko alikutana na Ruth St. Denis, mwanamke aliyekwisha kupata sifa kubwa kwa dansi zake katika Marekani na Ulaya. Wakaoana mwezi wa Agosti mwaka huo huo.

SHULE YA DENISHAWN

Mwaka 1915 mume na mke walifungua shule yao mjini Los Angeles, wakaiita Denishawn kwa kuunganisha majina yao mawili. Haikuwa shule ya dansi ya namna moja. Wanafunzi walifundishwa misingi ya baleti, lakini mara nyingi bila viatu. Tena walifundishwa dansi za mashariki, dansi za Kihispania, na mafunzo ya Mfaransa François Delsarte juu ya jinsi mwili unavyoonyesha yaliyo moyoni. Katika shule hiyo walipita Martha Graham, Doris Humphrey na Charles Weidman, ambao baadaye walianzisha dansi mpya ya Marekani. Mti mmoja huo ulizaa matawi mengi.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika Marekani, Shawn aliingia jeshini, akawa ofisa. Vita vilipokwisha alirudi jukwaani. Kati ya 1925 na 1926 kundi la Denishawn lilisafiri Asia zaidi ya mwaka mmoja, likacheza Japani, Uchina, Bara Hindi, Burma, Ceylon, Java na kwingineko. Huko Shawn aliona kwa macho yake wanaume wakicheza hekaluni na jukwaani kwa heshima kubwa, wala hakuna aliyewacheka. Bila shaka alimkumbuka yule mwenziwe wa Denver.

Lakini mambo ya dunia hayadumu. Mwisho wa mwaka 1929 biashara ya Marekani ilianguka, watu wakapoteza kazi na akiba zao, na shule ya dansi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo watu waliweza kuviacha. Denishawn ikafikia mwisho. Shawn na mkewe nao wakaachana, kila mmoja akaishi kwake, ingawa hawakutalikiana. Akawa mtu wa umri wa miaka 40, hana kundi wala mke nyumbani, na fedha zake chache.

Alichokuwa nacho ni shamba. Mwaka 1931 alinunua shamba kuukuu katika vilima vya Becket, Massachusetts, nyumba zake zikiwa za zamani na mbao zake zimechakaa. Jina lake lilikuwa Jacob's Pillow, maana yake Mto wa Yakobo, yaani mto wa kulalia. Njia ipandayo vilima vile iliitwa Ngazi ya Yakobo kwa kupindapinda kwake, na penye shamba palikuwa na jiwe kubwa lenye umbo la mto. Basi watu wakakumbuka habari ya Yakobo katika Biblia, aliyelala juu ya jiwe akaota ngazi ifikayo mbinguni.

MWALIMU MBELE YA WANAMICHEZO

Chuo cha Springfield hakiko mbali sana na shamba hilo. Siku zile kilikuwa chuo cha Chama cha Vijana wa Kikristo, yaani Y.M.C.A., na kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu wa michezo na wa mazoezi ya viungo nchini mwote. Wanawake hawakuwamo. Mkuu wa chuo, Dr. Laurence Doggett, alikubali Shawn aje awafundishe wanafunzi dansi mwaka 1933.

Hebu fikiri hali ilivyokuwa. Vijana wapatao 500, kila mmoja akijivunia kifua chake na mikono yake, waambiwa kesho waingie darasa la dansi! Palikuwa na manung'uniko na mzaha mwingi. Yamkini wengine waliona kama adhabu. Na Shawn alijua ya kuwa kama akishindwa hapa, atakuwa amempa haki yule aliyemcheka tangu ujanani. Lakini kama akishinda, basi ushindi wake utakwenda mbali, kwa kuwa kila kijana mmoja aliyemfundisha angekuwa mwalimu wa mamia wengine shuleni.

Hakuanza kwa hotuba ndefu juu ya uzuri. Alianza kwa kazi. Aliwapa miendo mikubwa na ya nguvu, iliyotoka katika mambo ambayo mwanamume huyafanya kila siku: kupanda mbegu, kuvuna, kukata mti, kupiga makasia, kuvuta kamba. Akawaonyesha ya kuwa mwili ule ule urushao mkuki waweza kurusha mkono kwa kufuata mapigo ya piano, na ya kuwa kufanya hivyo kwa kipimo kamili, pamoja na wenzake kumi, bila kutangulia wala kuchelewa, ni kazi ngumu kuliko kukimbia peke yake. Vijana wakatoka jasho. Walioingia wakicheka wakapungukiwa na pumzi za kuchekea. Mafunzo yalipofika mwisho, wengi wao walitaka yaendelee.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Shawn hakuwashinda wale vijana kwa kubishana nao. Aliwaalika wajaribu, naye akahakikisha ya kuwa jambo lenyewe lina uzito wa kutosha kwa mtu mwenye nguvu. Kicheko hakina dawa nyingine.

KUNDI LA WANAUME

Mwezi wa Machi 1933 Shawn alionyesha mjini Boston michezo ya dansi iliyochezwa na wanaume peke yao. Watazamaji walipendezwa, naye akatia nia kuunda kundi la kudumu. Wengine aliwapata kutoka shule yake ya zamani, kama Barton Mumaw wa Florida, aliyekuwa mchezaji wake hodari kupita wote. Wengine aliwapata kutoka chuo cha Springfield, kama Wilbur McCormack, aliyekuwa mcheza mieleka. Baadhi yao hawakuwa wamecheza dansi maishani mwao kabla ya kuonana naye.

Maisha yao shambani yalikuwa ya shida na ya furaha. Umeme na anasa havikuwa jambo la kutazamia. Asubuhi walifanya mafunzo na mazoezi. Baadaye walishika nyundo, shoka na msumeno, wakapasua kuni, wakajenga vibanda na kutengeneza sakafu ya ghala wapate mahali pa kuchezea. Shawn mwenyewe alifanya kazi pamoja nao. Aliona ya kuwa mtu atakayecheza dansi ya mkata miti, ni heri awe amekata miti.

Ili wapate fedha za chakula, wakati wa kiangazi 1933 walianza kuwakaribisha jirani kuja kutazama mazoezi. Vijana wenyewe waliwapa wageni chai na mikate, kisha wakaenda kubadili nguo na kucheza, naye Shawn akaeleza maana ya kila dansi. Mara ya kwanza wageni walikuwa wachache. Kabla ya kiangazi kwisha, habari zilikuwa zimeenea vilimani, na ghala halikuwatosha watu.

Kisha wakaingia njiani. Kwa misimu saba, tangu 1933 hata 1940, kundi la Ted Shawn na wanaume wake lilizunguka Marekani yote, likaenda Kanada, Uingereza na Cuba. Walisafiri kwa magari, wakibeba mapazia, nguo na taa zao wenyewe katika lori. Walifika mji mchana, wakafungua mizigo, wakacheza usiku, wakafunga mizigo, na kesho yake wakawa mji mwingine. Yahesabiwa ya kuwa walicheza mara zaidi ya 1,250 katika miji 750, na waliowatazama walizidi milioni moja. Mara nyingi walicheza katika vyuo na shule, hata katika majumba ya mazoezi yenye vikapu vya mpira ukutani.

Dansi zenyewe zilihusu nini? Mwaka 1934 alitunga moja juu ya kazi, yenye sehemu nne: kazi ya mashamba, kazi ya misitu, kazi ya bahari, na kazi ya mashine. Na mwaka 1936 kundi lilitoa dansi iliyoitwa Olympiad, ambayo yote ilikuwa michezo. Mmoja alicheza kama bondia, wengine kama wapigana vitara, wengine kama wacheza mpira wa kikapu. Wachezaji wenyewe walishiriki katika kuzitunga, kila mmoja akileta aliyoyajua uwanjani. Muziki ulitungwa na kupigwa na Jess Meeker, mpiga piano aliyesafiri pamoja nao. Hivyo mchezo uliozaliwa Springfield ukarudi kwa watu ukiwa dansi, na wale waliokuja kuona wanaume wakijitia aibu waliondoka wakisifu nguvu zao.

Mchezo wao wa mwisho ulikuwa mjini Boston mwezi wa Mei 1940. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha kuanza Ulaya, na baadaye vijana wengi wa kundi hilo waliingia jeshini. Shawn hakusikitika. Alikuwa ametimiza alilolitaka.

JUMBA LA VILIMANI

Baada ya kundi kuvunjika, shamba lilimlemea kwa madeni, akalikodisha. Mwaka 1941 wachezaji mashuhuri wa baleti kutoka Uingereza, Alicia Markova na Anton Dolin, walikaa hapo na kufanya tamasha, wakawavuta watu wengi. Kisha watu wa sehemu zile wakakusanyika, wakachanga fedha, wakalinunua shamba liwe mali ya wote, na kumweka Shawn awe mkuu wake. Tarehe 9 Julai 1942 lilifunguliwa hapo jumba la mbao lililopewa jina lake, jumba la kwanza katika Marekani kujengwa kwa ajili ya dansi tu. Petroli ilikuwa ya kugawiwa kwa kipimo kwa sababu ya vita, hata wengine walipanda kilima kwa miguu. Walakini walikuja.

Kwa muda wa miaka 30 Shawn aliongoza tamasha la kila mwaka mahali hapo. Hakukubali baleti itengwe na dansi nyingine. Katika usiku mmoja mtazamaji aliweza kuona baleti, kisha dansi mpya ya kina Graham, kisha dansi ya taifa fulani la mbali. Mwaka 1955 aliwaleta wachezaji wa baleti ya kifalme ya Denmark, na mfalme wa nchi hiyo akampa nishani. Wakati wa kiangazi vijana walikuja kujifunza, nao ilibidi wapitie baleti pamoja na namna nyingine, wavulana kwa wasichana.

KOSA LAKE

Haifai kuandika maisha ya mtu tukataja mema yake tu, maana hapo tungekuwa twasifu sanamu. Shawn, aliyechekwa kwa ajili ya dansi yake, naye alizidharau dansi za wengine. Katika miaka ya 1920 aliandika kwa ukali juu ya jazi, muziki na dansi zilizotoka kwa Wamarekani weusi, akaziona kuwa duni na zisizofaa kuwa msingi wa dansi ya Marekani. Tena alizoea kucheza mwenyewe dansi za Wahindi Wekundu na za mataifa mengine, akivaa nguo zao, badala ya kuwapa wenyewe jukwaa. Aliyeumwa na nyoka hakulitambua jino lake mwenyewe.

Hata hivyo mlango alioufungua ulikuwa mpana kuliko moyo wake wa siku zile. Mwaka 1947 Bibi Pearl Primus, mwanamke mweusi aliyezaliwa Trinidad na aliyejifunza kwa bidii dansi za Afrika, alicheza katika jumba la Jacob's Pillow. Na mwaka 1970 lilicheza hapo kundi la baleti la Harlem, lililoanzishwa mwaka 1969 na Arthur Mitchell pamoja na Karel Shook, ambalo wachezaji wake walikuwa weusi. Shawn alikuwa mzee wa miaka 78, na bado yu hai kuyaona.

MWISHO WAKE

Ted Shawn alifariki tarehe 9 Januari 1972 huko Florida, akiwa na umri wa miaka 80. Ruth St. Denis alikuwa amemtangulia mwaka 1968. Tamasha lake halikufa naye. Laendelea kila kiangazi, na mwaka 2003 serikali ya Marekani ililitia shamba lile katika mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Wapo watakaouliza, habari hizi zatuhusu nini sisi ambao hatuna chumba cha baleti wala mti mlalo ukutani? Zatuhusu hivi. Katika kila shule liko jambo ambalo wanafunzi hulicheka kabla hawajalijaribu. Yuko mvulana aonaye haya kushika sindano, na msichana aonaye haya kushika randa ya seremala. Yuko ajuaye ngoma ya kwao vizuri sana, lakini huificha asije akaitwa mshamba. Na sisi walimu na wazazi nasi mara nyingine hucheka pamoja nao, bila kujua ya kuwa kicheko chetu chaweza kumfungia mtoto mlango ambao angepitia.

Shawn alikuwa na nafasi mbili za kumwitikia yule aliyemcheka. Angeweza kuacha, akawa mchungaji mwenye heshima, na hakuna ambaye angemlaumu. Au angeweza kugombana maisha yake yote kwa maneno. Alichagua ya tatu: alifanya kazi yake vema hata waliomcheka wakaomba awafundishe. Nalo kosa lake latufundisha vile vile, ya kuwa aliyekwisha kuonja dharau imempasa awe wa kwanza kuangalia ulimi wake.

Basi jioni ya leo, kengele ya michezo ipigwapo, na mpira wa kikapu urushwapo juu, mtazame mchezaji arukaye. Akunja goti kwanza, anyoka, apaa, atua kwa wepesi. Mwalimu wa baleti angemwona, angemwambia amekwisha kuanza somo la kwanza.